Kijana Anayetaka Kusomea Michezo ya Kuigiza

Mtoto akisema anataka kuwa mganga, nyumba nzima hufurahi. Akisema atasomea sheria, baba yake huanza kumwita Bwana Hakimu hata kabla hajanunua daftari la kwanza. Lakini akisema, "Baba, nataka kuingia chuo kikuu nikasomee michezo ya kuigiza," hapo bukari hupoa sahanini, na kila mtu humtazama mwenzake.

Neno hilo limeufikia ukoo wetu. Mpwa wangu, mwana wa kwanza wa dada yangu, alishinda mtihani wa Serikali akapata diploma yake, na alama zake ni nzuri. Shemeji yangu alikuwa ameweka kiwanja kimoja, akingoja siku ya kukiuza kwa ajili ya masomo makubwa ya mtoto huyu. Kiwanja ni kimoja tu. Nyuma ya kijana wako wadogo wanne, na yule binti anayemfuata atamaliza shule baada ya miaka miwili. Kwa hiyo haikuwa habari ya kumpendeza mtoto au kumnyima, bali ya mali ya watoto watano kuwekwa mkononi mwa mmoja, tena kwa kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi.

Shemeji aliniita, kwa kuwa mimi ni mjomba wa mtoto, tena ni mwalimu, tena nililelewa seminarini. Nadhani alitumaini nitamkemea kijana kwa Kilatini.

Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya dini. "Mwalimu," aliniambia, "watu wa michezo hiyo ni watu wa pombe na wanawake. Mkristu gani atampeleka mwanawe huko?" Sikumdharau, kwani hata zamani katika nchi za Ulaya Kanisa liliwaogopa sana waigizaji. Molière, ambaye vitabu vyake tunawasomesha watoto shuleni, alipofariki Paris mwaka 1673 alizikwa usiku, tena kwa ruhusa ya pekee ya askofu mkuu, kwa sababu waigizaji walikuwa wananyimwa maziko ya Kikristu. Lakini Molière huyo huyo alikuwa amesoma kwa Wajezuiti, na katika vyuo vyao Wajezuiti waliwafundisha vijana kusema na kusimama vizuri kwa njia ya michezo. Mapadri wetu seminarini walifanya vivyo hivyo. Kila mwaka tulicheza, na aliyezoea kumeza maneno yake alipewa sehemu ndefu kuliko wote, ili ajifunze.

Nikamkumbusha shemeji habari ya Karol Wojtyła. Mwaka 1938 aliingia chuo kikuu cha Kraków asomee lugha na fasihi ya Kipolandi, naye alipenda michezo kuliko yote. Vita vilipokuja na Wadachi wakafunga chuo, alivunja mawe machimboni mchana, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kemikali. Mwaka 1941 yeye na rafiki zake wakaanza kucheza kwa siri nyumbani mwa watu, bila mavazi ya fahari, bila jukwaa, wakitegemea neno tu. Mwaka uliofuata aliingia seminari ya siri. Huyo ndiye Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyemtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri huko Kinshasa mwaka 1985. Tena Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya habari, uliitaja sanaa hii ya kale kwa heshima. Shemeji alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi, lakini Papa hakulipwa kwa kuigiza." Nikaona kwamba sababu ya dini ilikuwa mlango tu, nyumba yenyewe ilikuwa njaa.

Na juu ya njaa sikutaka kumdanganya mtu. Katika nchi yetu ni wachache wanaokula kwa mchezo peke yake. Sony Labou Tansi, aliyezaliwa Kimwanza karibu na Kinshasa mwaka 1947, na ambaye michezo yake ilichezwa hata Ufaransa, alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Alianzisha kundi lake, Rocado Zulu, huko Brazzaville mwaka 1979, lakini mkate alianza kuupata kwa chaki, kama mimi. Mwenye sanaa hii huishi kwa vipande: leo kipindi cha redio, kesho mchezo juu ya kipindupindu au chanjo kwa shirika fulani, kesho kutwa kufundisha shuleni, halafu miezi ya kukaa bure. Mzazi asiyejua hayo atamlaumu mtoto kwa uvivu, kumbe ndiyo desturi ya kazi. Nilimweleza kijana hayo yote mbele ya baba yake, pasipo kuongeza sukari. Aliniuliza jambo moja tu: je, mwalimu wa shule ya msingi hana miezi ya kukaa bila mshahara? Hapo wote wawili walinitazama mimi, nami sikupata la kujibu.

Hata hivyo kuvumilia njaa si alama ya wito. Wako wengi wanaovumilia njaa kwa ajili ya makofi. Mpwa wangu alikuwa amecheza Pilato katika Mateso ya Bwana parokiani, akanawa mikono kwa madaha hata wanawake wa sokoni wakamwita Pilato mpaka Pentekoste. Ni jambo la kupendeza, lakini makofi ya parokia ni makofi ya shangazi na ya jirani. Humpigia mtoto wao makofi hata akisahau maneno. Nikataka kujua kama anapenda kazi au anapenda kutazamwa.

Basi nikampa sharti, na baba yake akakubali. Kwa miezi mitatu awafundishe watoto wa darasa la tano mchezo mmoja, autunge yeye mwenyewe kwa Kiswahili, atafute mavazi, afagie ukumbi, lakini yeye asionekane mbele ya watu hata mara moja. Nilimwona akija kila alasiri baada ya masomo. Wiki za kwanza watoto walipiga kelele tu, wakachoka, wengine wakaacha kuja. Alikuwa ameandika maneno marefu mno; akayakata. Mtoto mmoja mwenye kigugumizi alitaka kucheza, na wenzake wakamcheka. Kijana alimpa kazi ya mlinzi wa lango ambaye hasemi, ila hupiga ngoma kila mtu apitapo. Siku ya mchezo ngoma ile ilichekesha kuliko maneno yote. Mpwa wangu alisimama nyuma ya pazia, karatasi mkononi, na ulipokwisha hakuna aliyelitaja jina lake. Jioni nilimwuliza kama ilimwuma. Akasema, "Mjomba, nilikuwa nahesabu pumzi zao, nijue ni nani atasahau."

Baada ya jibu lile sikuuliza tena kama aende. Likabaki swali la wapi, nalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi, ingawa wazazi wengi hulipita mbio. Hudhani chuo chochote chenye jina ni chema, na kilicho mbali ni chema zaidi.

Ulaya tuliiweka kando upesi. Brussels iko shule kubwa ya michezo na sinema, INSAS, tangu mwaka 1962, lakini kiwanja cha shemeji hakifiki Brussels. Makerere nako, huko Uganda, wanafundisha muziki, ngoma na maigizo, ila kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kijana wetu ni kile cha kitabu tu. Zikabaki njia tatu: Bagamoyo, Kinshasa, au kubaki hapa hapa Lubumbashi.

Nakiri kwamba moyo wangu ulivutwa na Bagamoyo. Mji huo wa pwani, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka Dar es Salaam, si mgeni kwetu sisi Wakatoliki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misioni yao hapo mwaka 1868, wakapokea watumwa waliokombolewa. Na mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makubwa. Imani ya wazee wetu wengi kando ya Tanganyika ilipitia njia hiyo kwa miguu. Mwaka 1981 kilifunguliwa hapo Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Humo kijana hujifunza kuigiza, ngoma, muziki na kazi za jukwaa, na jukwaani hakuna aibu ya Kiswahili. Katika nchi ile watu wameandika michezo mikubwa kwa lugha hii: Ebrahim Hussein alitoa "Kinjeketile" mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji, na Penina Muhando aliandika michezo yake huku akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutoka kwetu mtu huenda kwa basi, anavuka Kasumbalesa, anapita Zambia yote mpaka Tunduma, na kuendelea hadi pwani. Ni safari ya siku nyingi, lakini ni safari ya nchi kavu.

Niliyasema hayo kwa moto. Shemeji aliuliza neno la karani: je, karatasi ya huko itakubaliwa hapa? Nilijibu kweli: diploma ya nchi ya kigeni lazima ipelekwe Wizarani ipate kulinganishwa na ya kwetu, na jambo hilo linataka miezi na fedha. Kinshasa, kwenye Institut National des Arts, ile INA, diploma ni ya Serikali yetu yenyewe. Mwenye nayo aweza kuomba kazi ya ualimu pasipo kuomba kulinganishwa na mtu. Lakini Kinshasa iko umbali wa kilomita zaidi ya 1500, na njia ya uhakika ni ndege. Reli huishia Ilebo, halafu ni mto Kasai na uvumilivu. Mafundisho ni kwa Kifaransa, barabarani ni Kilingala. Nilihofu, na ningali nahofu, kwamba mtoto atarudi akicheza vizuri kwa lugha ambayo bibi yake haisikii.

Dada yangu, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, ndiye aliyesema: "Kwa nini asikae hapa? Mufwankolo alisoma wapi?" Swali hilo si dogo. Kundi la Mufwankolo liliwachekesha watu wa mji huu kwa Kiswahili chetu miaka mingi, redioni na baadaye katika televisheni, pasipo chuo chochote. Mwaka 1986 profesa mmoja, Johannes Fabian, aliwafuata walipotunga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja juu ya utawala. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walijadiliana, wakajaribu, wakabishana, mpaka mchezo ukasimama, wakaucheza kijijini. Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kikatoka mwaka 1990. Kwa hiyo maprofesa wa ng'ambo walikuja kusoma kwetu, sisi tukiwaza kwenda kusoma kwao. (Na ule ukumbi mzuri wa michezo uliojengwa mjini hapa katika miaka ya 1950, unaoitwa Jengo la 30 Juni, baadaye walipewa wabunge wa mkoa. Sisemi kwamba michezo ilikoma humo.)

Ndipo nilipomwuliza kijana lile swali ambalo mzazi yeyote, naona, angeliuliza kabla ya kuuza kitu: "Unataka kucheza mbele ya nani?" Hakukawia. Mbele ya watu wa Katuba, alisema, na wa Likasi na Kolwezi, na wa vijiji vya wachimbaji. Watu wanaotoka kazini wamechoka. Basi, nikasema, Bagamoyo imeshinda, kwani ni lugha yao. Akatikisa kichwa kwa adabu.

"Mjomba," akasema, "Kiswahili cha watu hao ninacho, na cha pwani nitakisoma vitabuni. Kuchekesha nimejifunza hapa. Nisichokijua ni jinsi mchezo wa saa mbili unavyosimama bila kuanguka katikati, na taa, na sauti, na namna ya kuliongoza kundi bila kugombana. Hayo nitayapata Kinshasa, pamoja na karatasi ambayo Baba ataiamini. Na nikiwa mwalimu mkoani hapa, nitakuwa na ukumbi wa shule na watoto wa kucheza nao."

Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze habari ile, aliposikia neno "mwalimu". Mimi bado naipenda Bagamoyo, na nimemwambia hivyo. Lakini sababu zake zimekaa sawa kuliko zangu, maana amezipanga kuanzia kwa watu watakaokaa kwenye viti. Tukakubaliana mambo mawili. Kila mwaka wakati wa likizo kubwa, nauli ikipatikana, arudi acheze jambo moja parokiani kwa Kiswahili. Na nusu ya bei ya kiwanja iwekwe kwa ajili ya yule binti, isiguswe hata kijana akiandika barua ya machozi.

Kiwanja kimeuzwa. Kwa sasa jioni anajifunza Kilingala kwa jirani yetu, mama mmoja mzaliwa wa Mbandaka, ambaye humsahihisha kwa sauti kuu mpaka mtaa mzima unasikia. Naye kijana amekwisha kuanza kumwigiza.