Kahawa ya Heru Juu na Sheria ya Ulaya

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika Kasulu, nakusihi uje wakati wa kiangazi, kahawa inapoanikwa. Asubuhi utaona ukungu umelala mabondeni kama maziwa bakulini, na baridi yake si ya mchezo. Hata sisi wenyeji twajifunika blanketi mpaka jua lipande. Udongo ni mwekundu, vilima vimefuatana kimoja baada ya kimoja kuelekea Burundi, na njia ya Heru Juu hupanda, ikapumzika kidogo, ikapanda tena. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Mwami wa Heru. Siku hizi mgeni huona kwanza migomba, kisha maharagwe, kisha kahawa nyuma ya nyumba.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Katika mavuno yaliyopita nilipanda Heru Juu kwa baiskeli kuhakikisha majina ya kigango (na nusu ya njia niliisukuma, nisiseme uwongo). Nilikwenda kwa ajili ya majina ya watoto, nikarudi kichwa kimejaa habari za Ulaya.

Nilipiga hodi kwa mzee mmoja mkulima. “Tumsifu Yesu Kristo.” “Milele amina. Karibu, Bwana Karani, umeletwa na Mungu mwenyewe.” Akaniketisha, mama akaleta viazi vya moto, na kabla sijamaliza kiazi cha kwanza mzee akasema, “Katika mkutano wa ushirika tumeambiwa ati Wazungu wanataka kujua shamba langu lilizaliwa lini. Sasa wewe ndiwe mwenye vitabu vya kuzaliwa.”

Tulicheka, lakini mzee hakuwa na mzaha. Ngoja nikueleze maana yake, msomaji, kwa kuwa jambo hili laweza kufika hata mlangoni pako.

Nchi 27 za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2021 kwamba ifikapo 2050 hewa chafu inayopasha dunia joto, wanayoitoa wao, isizidi ile inayoondolewa hewani na misitu na kwa njia nyingine. Kabla ya hapo, ifikapo 2030, yawapasa kuipunguza kwa asilimia 55 kulinganisha na ya mwaka 1990. Ndiyo sababu wanapunguza makaa ya mawe na mafuta. Sisi wa Kasulu twaweza kufahamu kidogo: mji wetu uliishi miaka mingi kwa ngurumo za majenereta ya dizeli, mpaka Oktoba 2022 yalipozimwa na umeme wa gridi ya taifa ukaanza kuwaka. Usiku ule ulikuwa kimya cha ajabu.

Lakini moshi si wote wa mitambo. Mti ukikatwa na kuchomwa, ukaa uliokuwa ndani yake hurudi hewani. Tangu 1990 hata 2020 dunia ilipoteza hekta milioni 420 za misitu, eneo kubwa kuliko Umoja wa Ulaya wote, na wao wenyewe wakakiri kwamba sehemu ya misitu hiyo ilifyekwa ili wao wapate kula na kunywa. Basi mwaka 2023 wakatunga sheria nyingine juu ya vitu 7: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Kitu chochote katika hivyo kisiingie Ulaya ikiwa kimetoka katika ardhi iliyokuwa msitu ukafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tena mwenye kukiingiza lazima aonyeshe shamba liko wapi, kwa nambari za mahali zinazopatikana hata kwa simu ya mkononi. Shamba lisilofika hekta 4 latosha kwa alama moja. Kisha picha za setilaiti hutazamwa.

Tarehe ya kuanza imekwisha kusogezwa mara 2. Ilikuwa mwisho wa 2024, ikawa mwisho wa 2025, na sasa imewekwa 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa yale madogo. Wengine husema, basi itasogezwa tena, tulale. Mimi siwaungi mkono. Ulaya ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa kahawa duniani, na wanunuzi wake wameanza kuuliza maswali haya bila kungoja tarehe.

Shamba la mzee liko nyuma ya nyumba. Miche yake ni ya zamani, mingine imekatwa mashina ikachipua upya. Nikamwuliza, “Uliipanda lini, baba?” Akafikiri. “Mwaka aliobatizwa binti yangu mkubwa. Tulitoka kanisani, kesho yake nikachimba mashimo.” Niliporudi parokiani nilifungua kitabu: 1987. Watu wa Ulaya hawatakisoma kitabu chetu, lakini nilifurahi kuiona namba ile. Shamba la namna hii halina shida. Linahitaji alama yake tu.

Shida iko chini, ng'ambo ya kijito. Huko mwanawe wa mwisho, kijana mwenye watoto 2 na ardhi haba, alifyeka kipande cha msitu mteremkoni mwaka 2022, kama ekari 2, akapanda kahawa. Miche imeanza kuzaa. Ni mizuri, nisifiche. Kijana ana mkono. Kijito chenyewe mzee asema kilikuwa cha kufika magotini, nami nilikivuka bila kulowa viatu.

Ndipo mzee akanena neno lililomkaa moyoni. “Karani, tuandikie barua, uipige muhuri, kwamba shamba la kijana lilifunguliwa mwaka 2019. Mwaka mmoja tu.” Kijana alisimama mlangoni, hakunitazama.

Msomaji, kiazi kilinikwama. Najua bei ya ada ya shule, na najua kijana yule hakufyeka kwa tamaa. Tena nilikuwa na neno juu ya Wazungu: wao walikwisha kufyeka misitu yao karne nyingi zilizopita, na moshi wa viwanda vyao ndio uliotangulia, lakini tarehe ile ya 2020 haiwaulizi babu zao. Yamwuliza kijana wa Heru Juu. Hilo si haki kamili, nami sitasema ni haki.

Hata hivyo niliwaambia kwamba muhuri ule si wangu. Nikawaambia na jambo la pili, ambalo kwao lilikuwa zito kuliko la kwanza: setilaiti ilipiga picha mteremko ule mwaka 2020, na miti ingali imesimama katika picha. Na la tatu: sheria hairuhusu kuchanganya. Kahawa ya chama humwagwa pamoja, ikamenywa pamoja, ikauzwa pamoja. Gunia moja la shamba la kijana likiingia humo, shehena nzima haina ruhusa, pamoja na kahawa ya wajane na ya baba yake mwenyewe.

Mzee akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akamwuliza mwanawe, “Umesikia?” Kijana akajibu, “Nimesikia, baba. Basi yangu ninywe peke yangu?” Nikamweleza kwamba kahawa yake si haramu kwa sheria ile, ni soko la Ulaya tu lililofungwa kwake, na wako wanunuzi wa hapa nchini na wa nchi nyingine, ingawa bei yao siwezi kuijibia. Yampasa aianike mbali, na gunia lake lijulikane.

Wiki 2 baadaye nilimwona kijana sokoni Kasulu, ananunua kamba nyekundu ya kufungia magunia. Alinisalimu vizuri, lakini kwa ufupi. Afisa ugani atapanda Heru Juu Alhamisi na simu yake kutia alama mashamba ya chama, na mzee ameniletea ujumbe kwamba nifike mapema, maana afisa aweza kuuliza miaka, naye hataki kuitaja bila kitabu.