Boga la Kuchoma katika Bonde la Jangwani

Atokaye Magomeni kwenda mjini Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro huteremka bondeni, huvuka mto Msimbazi, kisha hupanda tena kuelekea Kariakoo. Bonde hilo ndilo Jangwani. Mgeni alisikiapo jina hudhani ataona mchanga mkavu, kumbe aona matope na matete. Mwezi wa Desemba 2011 mto ulifurika, watu wakafa, na wengi waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yamerudi mara nyingi tangu hapo.

Kariakoo, jirani yake, ilipata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa vita ya 1914 hata 1918. Jengo la soko alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Lakini kuuza na kununua hakukukoma mitaani. Humo ndimo mama wa nyumba atafutamo boga. Na achague lililo zito mkononi, ganda gumu lisilong'aa, kikonyo kimekauka. Akiuziwa kipande, atazame nyama yake: kadiri ilivyo ya manjano iliyoiva, ndivyo ilivyo tamu.

Asili ya boga ni Amerika, nalo lilivuka bahari baada ya 1492. Lakini limekaa kwetu hata likapata methali yake, ya kwamba apendaye boga hupenda na ua lake. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi hazilipendi. Hulichemsha katika maji mengi, kisha maji humwagwa na utamu ukaenda nayo. Watoto wakiletewa, husema ni chakula cha shida. Nathubutu kusema kosa si la boga.

Basi lichomwe. Lioshwe, likatwe vipande vinene kadiri ya vidole viwili, ganda lisimenywe, maana ndilo lishikalo nyama isivunjike. Vipande vipakwe mafuta kidogo na chumvi. Mkaa ushike kwanza hata moshi uishe. Moto wa ndimi huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Mwenye wavu wa chuma aweke juu yake, akigeuza mara kwa mara. Asiye nao atumie sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama wapikavyo mkate wa kumimina. Kijiti kikipenya bila kusukumwa, limeiva.

Hapo sahani moja yaweza kugawanywa. Nusu itiwe ndimu, pilipili na kitunguu saumu kilichopondwa, iliwe kwa samaki au maharagwe. Nusu ipakwe tui zito lenye iliki na sukari guru kidogo, irudishwe motoni hata tui likauke na kingo ziwe nyekundu. Wala mafuta na tui si anasa: ile rangi ya manjano hufaa macho ya watoto, nayo mwili huipokea vema pamoja na mafuta. Mwezi wa Ramadhani, majirani Waislamu wafuturupo kwa boga la nazi, sahani ya namna hii yapita mlangoni kwao bila maneno mengi.

Kwa wakaao bondeni boga lina faida nyingine. Likiwa zima, mahali pakavu penye hewa, hudumu majuma mengi. Liwekwe juu darini, si sakafuni. Lakini lililopasuka likaguswa na maji ya mafuriko litupwe, hata kama nyumba ina njaa, kwa kuwa maji yale yamepita vyooni, na kipindupindu hakina huruma. Majani nayo yaulizwe yalikotoka: wataalamu walipopima mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi waliona madini ya risasi ndani yake.

Mbegu zisitupwe. Zioshwe, zianikwe juani siku mbili, zikaangwe kavu kwa chumvi. Watoto wa shule huzimaliza kabla hazijapoa.