Kifungo ni Halali, Hadithi Je?

Ukimwonyesha mtu kifungo cha zamani cha jeshi, swali la kwanza ni lile lile: orijino au feki? Ni swali zuri, ila halimalizi kazi. Kifungo kinaweza kuwa halali kabisa, halafu hadithi yake ikawa ya mtu mwingine.

Nyumbani kwetu kipo kimoja. Bibi anakitunza kwenye kopo la sindano na nyuzi, na ukoo mzima tunajua ni cha baba yake, aliyekuwa kwenye Vita ya Mjerumani. Likizo iliyopita baba mdogo alikuja na dili: kuna mgeni anakusanya vitu vya vita, yuko tayari kulipa vizuri kama kweli kifungo ni cha vita ya 1914 hadi 1918. Bibi akanyamaza tu. Kwa kuwa nasomea ualimu wa historia, kazi ya kukikagua nikapewa mimi.

Anza na nyuma, si mbele. Vifungo vya shaba vya jeshi la Uingereza vilitengenezwa kwa kugonga bati jembamba la shaba kwa muhuri wa chuma, kisha kipande cha nyuma chenye kipete cha kupitishia uzi kikabanwa hapo. Kwa hiyo mistari yake huwa mikali, na nyuma mara nyingi kuna jina la mtengenezaji, kama Firmin wa London. Jina peke yake halitoshi, maana nalo huigwa. Feki nyingi humiminwa kwenye kalibu: picha inakuwa butu kama sabuni iliyotumika, unaona vitundu vya hewa, na ukingoni pana mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sumaku nayo inasaidia. Shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa.

Kisha tazama uchakavu. Kifungo kilichovaliwa na kung'arishwa miaka mingi hulika sehemu zilizoinuka, na kwenye mabonde hubaki uchafu na kutu ya kijani. Kilichozeeshwa kwa siki na chumvi mara nyingi kina kutu hiyo kote sawasawa. Na tafadhali, usikisugue kwa ndimu na majivu eti kipendeze. Utafuta ushahidi wote.

Kifungo cha bibi kilipita kote huko. Shaba tupu, mistari mikali, simba upande mmoja, farasi mwenye pembe moja upande wa pili, taji juu. Baba mdogo akaanza kutabasamu.

Taji ndilo lililoharibu dili. Kwenye vifungo vya Waingereza vya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, matao ya taji yanainuka kama kuba. Malkia Elizabeth alipotawala kuanzia 1952, taji lilibadilishwa likawa limebonyea katikati. Kuba halithibitishi uzee, kwani Mfalme Charles amelirudisha tangu 2022. Lakini taji la Malkia Elizabeth lililobonyea linaonyesha jambo moja: kifungo hicho hakikuwepo 1914. Cha bibi kimebonyea.

"Mgeni mwenyewe hajui mambo ya taji," baba mdogo alisema. "Andika tu kwamba ni cha vita." Pesa ilikuwa ya maana, siwezi kudanganya, na ada yangu alikuwa ananisaidia yeye. Nilimjibu kwa heshima kwamba siandiki. Alikasirika, na mpaka leo hajanizoea tena vizuri.

Nilipomweleza bibi, nilitegemea ataumia. Badala yake akacheka. "Nani aliwaambia ni cha baba? Mmesema nyie. Hicho ni cha kaka yangu, alikikata kwenye koti lake la Keya akanipa." Keya ndivyo wazee walivyoiita King's African Rifles. Kaka yake aliitumikia miaka ya 1950. Nikamuuliza, na baba yako je? "Baba hakuvaa kifungo. Baba alibeba mzigo."

Hapo ndipo nilipokaa kimya mimi. Katika vita ile Waingereza walitumia wapagazi mamia kwa maelfu. Waliorekodiwa kufa peke yao wanazidi 90,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotupa jina la Kariakoo, tunapokwenda kununua mitumba bila kuwaza. Mpagazi hakuwa na koti la kung'arisha vifungo, kwa hiyo hakuacha kitu cha kumuuzia mkusanyaji. Ukoo wetu ulikuwa na kumbukumbu yake bila kitu cha kushika, na ulikuwa na kitu cha kushika bila kumkumbuka mwenyewe. Tukaviunganisha, na watu wawili wakawa mmoja.

Nimeandika majina yao wote wawili kwenye karatasi, kila mmoja na kazi yake, nikaiweka ndani ya kopo. Nanyi mkirudi nyumbani likizo, kifungo, medali au picha mtakayoikuta, msimuulize mzee, "Hiki si ndicho cha babu?" Atawaitikia tu ili msonge mbele. Muulizeni, "Hiki kilifikaje hapa?" Kisha mkae chini, maana jibu lake ni refu.