Meru na Embu: Kisiki Kinapochipuka Tena

Je, msomaji, umewahi kusafiri kutoka Nairobi hadi Meru kwa njia ya Embu? Ikiwa hujawahi, anza kuweka akiba ya nauli, kwani safari hiyo ina mafunzo yasiyopatikana darasani.

Ukishaipita Thika na kufika Makutano, utaona mashamba ya mpunga ya Mwea yametandaa kama mkeka wa kijani. Baadaye gari huanza kupanda, hewa hupoa, na punde si punde uko Embu. Kutoka hapo, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, barabara huzunguka miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Utavuka mito ya Thuci, Nithi na Mutonga. Gari linaposhuka kuelekea daraja la Nithi abiria hunyamaza, maana bonde hilo limepoteza roho nyingi. Hata hivyo, ng'ambo ya kila mteremko kuna kilima cha kupanda, na safari huendelea.

Sasa tazama kando ya barabara. Ile miti mifupi yenye majani yanayong'aa ni mibuni. Usiidharau. Wakoloni waliwanyima Waafrika ruhusa ya kupanda kahawa, na ni katika miaka ya 1930 tu ambapo wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii walianza kuruhusiwa. Baada ya uhuru, mibuni hiyo ilijenga nyumba za mabati na kulipa karo. Neema kubwa ilikuja pale baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975, bei ikapaa duniani kote.

Lakini neema haina mkataba na mtu. Mnamo Julai 1989, mapatano ya kimataifa yaliyogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima aliyezoea kujenga kwa malipo ya kahawa akashindwa hata kununua dawa ya kunyunyizia miti yake. Sheria ya wakati huo haikumruhusu kung'oa mibuni bila kibali. Wengine waliiacha imezwe na magugu, wengine wakapanda mahindi katikati yake. Tusiwalaumu; watoto hawali matumaini.

Nilishuka karibu na Runyenjes nikamkuta mzee mmoja katika shamba lake, panga mkononi. Mbele yake palikuwa na mistari ya visiki vya mibuni, vimekatwa karibu na ardhi. Nilidhani amechoka nayo.

"Pole, mzee," nikamwambia. "Umeiaga kahawa?"

Akacheka. "Mwanangu, nimekata mti. Mizizi sijaigusa."

Akanieleza kwamba mbuni uliozeeka huzaa kidogo na kuvamiwa na magonjwa. Ukiukata, kisiki hutoa machipukizi mengi. Mkulima huchagua mawili au matatu yenye nguvu na kuyaondoa mengine. Kwa takriban miaka miwili havuni kahawa ya kutosha, kwa hivyo hupanda maharagwe kati ya mistari ili jikoni pasikauke. Kisha mti ule ule huzaa kama kijana.

Niliendelea na safari hadi Meru, na fikira za visiki vile zikanifuata mpaka milima ya Nyambene, nchi ya miraa. Huko nako wameonja machungu. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia nayo ikafunga soko Machi 2020, na halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Hebu fikiria, msomaji: zaidi ya miaka miwili ya kukosa mteja mkubwa! Aliyeing'oa miti yake siku ya kwanza hakuwa na la kuuza mlango ulipofunguliwa. Aliyeitunza, huku akifuga ng'ombe au kupanda viazi ili kusukuma siku, alikuwa tayari.

Basi, matumaini mema ni nini? Si kukaa kivulini ukisema mambo yatakuwa sawa. Huo ni uvivu uliovaa kanzu. Matumaini ni kuwa na panga mkononi na kujua pa kukatia. Baba aliyepoteza kazi mjini anaweza kukata gharama za anasa, kuhamia nyumba ndogo na kuanza biashara ya mkono kwa mkono. Lakini masomo ya watoto na amani ya nyumba yake ni mizizi, asiiguse. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani na akate usingizi wa mchana na marafiki wasiofaa. Lakini moyo wa kusoma asiung'oe.

Na usisahau maharagwe. Anayengojea mavuno ya mbali lazima apate cha kula leo, hata kama ni kidogo na hakimletei sifa.

Mzee yule aliponisindikiza barabarani, jua lilikuwa likielekea kutua. Nilimuuliza kama ana hakika bei itakuwa nzuri miti itakapozaa. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hakika yoyote. Kisha akarudi shambani kumalizia mstari uliobaki.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Lakini mvumilivu wa Embu hangoji mikono mitupu.