Vichupa vya Uturi Katika Vilima vya Matinyani

Akina mama kadhaa wametuuliza baada ya darsa ni mchezo gani huu walionao watoto wetu, unaowafanya wapite nyumba kwa nyumba wakiomba vichupa vitupu vya uturi. Tuliahidi kuwaandikia. Ahadi ni deni, na leo tunalipa. Ila itatubidi tueleze pia aibu iliyotupata huko Matinyani, maana pasipo aibu hiyo habari itakuwa nusu.

Hatukwenda Matinyani kutalii. Mwana wa ndugu yetu ameoa huko, binti wa Kikamba aliyesilimu kabla ya nikahi, ilhali wazazi wake wamebaki katika Ukristo wao. Likizo ya Agosti tukaona ni haki ya wakwe kuzuriwa. Tulitoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, sisi na mama watoto, watoto wetu wawili, na bwana na bibi arusi ambao hata sasa twawaita hivyo ingawa wamekwisha pata mtoto. Kibwezi tukaiacha barabara kuu ya Nairobi, tukakata kulia, tukavuka mto Athi na kufuata lami inayopita Ikutha na Mutomo mpaka Kitui. Kitui mjini tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kujumuisha, kisha tukashika njia ya Matinyani.

Ni nchi ya udongo mwekundu na vilima vilivyokatwa matuta, miembe karibu kila ua, na mito ambayo mwezi wa Agosti haina maji bali mchanga. Mgeni wa Pwani akiitazama mito ile humwonea huruma mwenyeji, na huruma hiyo ni ya kutojua. Maji yamo, chini. Wanawake hufukua mchanga na kuyangoja yachuruzike, wakayateka kwa kata polepole. Na mahali pengi pa Kitui watu wamejenga kuta za mawe na saruji kukingama mto, ili mafuriko ya mvua yaache mchanga nyuma ya ukuta na maji yakae ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Tulipouona ukuta mmoja wa namna hiyo tuliwaambia watoto kwamba wenyeji hawa wamekwisha tutangulia katika ufundi wa kuficha.

Tulisema hivyo kwa sababu ndani ya mkoba wetu tulikuwa na vichupa sita vya kufichwa. Mchezo wenyewe Waingereza huuita kwa jina la sanduku la barua. Asili yake ni mwaka 1854, katika nyika za Dartmoor, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwongoza wageni mmoja aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali pa mbali paitwapo Cranmere Pool, ili kila aliyefika kwa miguu aache ndani yake kadi yenye jina lake. Baadaye watu wakawa wanaacha humo barua na postikadi, na msafiri anayefuata akizikuta huzichukua na kuzitia posta. Siku hizi mchezaji huficha kikebe chenye kijitabu na muhuri aliouchonga mwenyewe, akatoa maelezo ya mafumbo ya njia. Mtafutaji naye huja na kijitabu chake na muhuri wake. Akikipata kikebe, hupiga muhuri wake katika kijitabu cha humo, na muhuri wa humo katika kijitabu chake, akakirudisha palepale. Hapana zawadi, hapana fedha wala kamari ndani yake. Hilo ndilo lililotupendeza, na pia kwamba mtoto hawezi kuucheza huku ameinamia simu.

Wako wachezaji ambao ustadi wao ni kukifanya kikebe kiwe kidogo kupita kiasi, na watoto wetu walivutiwa na upande huo. Lugha yetu haina uhaba wa majina ya vyombo vidogo: kibweta, kijaluba cha tambuu, tabakero ya ugoro, kidau cha wino, kichupa cha wanja. Lakini kupata chombo kidogo kisichoingia maji wala wadudu si kazi nyepesi. Tulianza na kasha la kiberiti, tukalifukia nyuma ya nyumba yetu. Mchwa walikula kasha na karatasi wakatuachia njiti. Tukajaribu mrija wa soda uliofungwa ncha kwa moto wa mshumaa. Huo haukuingia maji, ila kuufungua ni kuuharibu. Vikopo vya filamu za kamera, vilivyopendwa sana na wachezaji wa zamani, havipatikani tena. Kopo la vidonge vya vitamini vile vya kuyeyusha majini ni zuri, na kifuniko chake kina chembechembe za kunyonya unyevu, lakini kwa binti yetu lilikuwa kubwa mno. Yeye ndiye aliyekileta kile kichupa cha robo tola cha uturi, ambacho ujazo wake haufiki kijiko cha chai.

Kila nyumba ya Kiislamu ya Pwani ina vichupa hivyo vimelala kabatini. Huondolewa ile gololi ya kupakia, kichupa kikaoshwa na kukaushwa. Karatasi hukatwa ukanda wa upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 20, ukakunjwa kwa kuzungushwa kwenye sindano ya kushonea magunia, ukafungwa uzi ili kuutoa kusiwe na taabu. Huo ndio kijitabu. Muhuri huchongwa kwa ncha ya wembe juu ya kile kipande cha raba kilichoko kichwani mwa penseli, ambacho upana wake ni milimita 6 hivi. Kazi ya wembe ni ya mkubwa, si ya mtoto. Na picha yoyote ichongwe kinyume, kushoto iwe kulia, la sivyo itatoka imegeuka. Mwanetu wa kiume alitaka herufi ya kwanza ya jina lake kwa hati ya Kiarabu, na kwa kuwa ni nuni haikutusumbua, kwani nuni hata ikigeuzwa ni nuni. Wino haukai ndani ya chombo kidogo namna hiyo; mtafutaji huja na wake. Mwisho huja mtihani: tia ndani kipande cha karatasi ya chooni, kaza kifuniko, zamisha kichupa katika beseni usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, chombo kimefuzu. Katika vichupa kumi vilifuzu sita.

Kosa letu lilikuwa katika kuosha. Uturi hauondoki kwa maji na sabuni tu. Wachezaji wa mchezo huu hukatazana kuweka chakula au kitu chenye harufu, kwa kuwa wanyama hukifukua. Tulilijua hilo, tukaona mbuzi wa Matinyani watatusamehe.

Siku ya pili ya ziara yetu watoto wakapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba ya wakwe, wakavificha vichupa vinne: kimoja chini ya jiwe, kimoja katika mzizi wa mkwaju, viwili kwenye mawe ya matuta. Sisi tulikuwa uani twanywa chai ya maziwa na mazungumzo yamenoga. Hatukumwuliza mtu kilima kile ni cha nani.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa jina la Kitui limebeba nini kwetu. Vibao vya waganga wanaojinasibu na Kitui vimepigiliwa misumari kwenye nguzo za umeme mpaka mitaani mwetu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba huko nako Mombasa ina jina lake: wakitutaja sisi hutaja majini. Misafara ya pembe ya Wakamba ilikuwa ikishuka hadi Mombasa tangu kabla ya wakoloni, na mwaka 1849 mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi, ndiye aliyempokea Krapf huko Kitui, safari ambayo mmisionari huyo aliuona Mlima Kenya. Jamaa waliojuana muda wote huo, na bado kila upande unaamini kwamba uchawi uko kwa mwenziwe.

Jioni ile mchungaji mdogo akakiokota kile cha kwenye mkwaju. Akampelekea bibi yake, ambaye mti ni wake. Bibi akafungua. Ndani mkatoka harufu ya Mombasa, kikaratasi kilichokunjwa kwa uzi, alama nyekundu, na maandishi ya Kiarabu, maana binti yetu alikuwa ameandika jina lake kwa hati ya madrasa. Na ndama wa bibi huyo alikuwa amekufa zizini siku nne kabla hatujafika.

Tuliitwa baada ya magharibi. Tulikuta watu kama ishirini uani, wamesimama. Hapakuwa na kelele, na huo utulivu ndio uliotutia hofu. Baba mkwe alikuwa ameketi akitazama chini. Bibi arusi wetu akatusogelea akatuambia kwa sauti ndogo, "Baba, tangu niliposilimu wanasema nilifungwa kwa majini ya Mombasa. Mama hukana kila siku. Leo wamepata cha kushika." Alikuwa akitetemeka. Hapo tukafahamu kwamba sisi tungepanda gari na kwenda zetu, bali yeye na mamake ndio watakaoishi na kile kichupa.

Tungeweza kusema kwamba dini yetu inakataza uchawi, na ni kweli. Tungeweza kueleza tofauti za wanavyuoni juu ya hirizi. Hayo yote hayakuwa jibu la swali lililokuwa pale. Tukamwamkia bibi, tukamwomba radhi kwanza kwa kuingia katika ardhi yake bila hodi, bibi arusi akitufasiria kwa Kikamba. Sisi tunaofundisha kila mwaka amri ya Suratun-Nur ya kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, tulidhani kilima hakina mlango. Kisha tukamwita binti yetu akakunjua ukanda ule mbele ya watu wote, akausoma. Jina lake, tarehe, na picha ya jahazi ndogo. Akapiga muhuri mwingine kiganjani mwake mwenyewe. Akawakimbilia wenzake kilimani na taa, akarudi na vile vitatu vilivyosalia, vyote vikafunguliwa.

Mzee mmoja, kaka wa baba mkwe, alikichukua kichupa akakinusa, akakizungusha vidoleni. Halafu akatoa mfukoni tabakero yake ya pembe, ya kizamani, ina kifuniko cha ngozi na mkufu mwembamba wa shaba. Akaziweka mbili hizo sambamba juu ya goti. "Mwalimu," akatuambia kwa Kiswahili, "hii nayo ni ndogo, na ndani mna kitu. Lakini inakaa mfukoni mwangu, na kila mtu anajua ni ya nani." Watu wakacheka, si sana. Akatufundisha papo hapo kwamba kifuniko cha ngozi hukatwa kikiwa kibichi, kikavishwa pembe na kuachwa kikaukie juu yake, ndipo hukaza kisipitishe hata vumbi. Gundi yetu ya dukani ilikuwa imekwisha bambuka kwa jua la siku moja.

Bibi hakucheka. Alisema atafikiri. Usiku ule hatukulala vizuri, na tunadhani hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile.

Asubuhi tulikwenda kwake na mama watoto, na bibi arusi, na mamake bibi arusi, bila vichupa. Tulikaa sana. Tulizungumza habari za ndama, na za mvua za Novemba ambazo ndizo wanazozitegemea, na za ndengu, ambazo sisi twaziita pojo na yeye hakukubali kwamba ni kitu kimoja. Mama watoto akamweleza jinsi tunavyozipika kwa nazi; jambo hilo lilimshangaza kuliko kichupa. Tulipoaga ndipo yeye mwenyewe alipouliza, huo mchezo unachezwaje.

Kwa akina mama watakaoujaribu, haya ndiyo tuliyoyabadilisha. Vichupa twaviosha kwa siki, tukaviacha juani wiki nzima. Nje ya kila kimoja twaandika kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwamba huu ni mchezo wa watoto, pamoja na jina la mzazi aliyeufahamu. Hatutii ndani aya, wala dua, wala Jina la Mwenyezi Mungu, kwa kuwa hatujui karatasi hiyo itaangukia wapi. Hatufichi karibu na msikiti, kanisa, shule wala kituo cha polisi; katika nchi iliyoonja mabomu, kitu kilichofichwa hutia watu hofu kwa haki. Na hatufichi popote kabla mwenye mahali hajaonyeshwa chombo kikiwa wazi. Watoto walilalamika kwamba sharti hili la mwisho linapunguza utamu. Tuliwaambia ni kweli, linapunguza.

Desemba bibi arusi alikwenda kwao kutazama mahindi. Aliporudi alituletea ule ukanda wa kichupa cha mkwaju, ambacho bibi alikuwa amekubali kirudishwe palepale, kwa kuwa ulikuwa umejaa na wataka mwingine. Tuliukunjua mezani kwa sindano. Kuna jahazi ya binti yetu, nuni ya kaka yake, kuna alama za watoto wa kule waliochonga mihuri yao kwa viazi: ng'ombe, jembe, na kitu ambacho hatukukitambua. Mwishoni kabisa, pembeni, kuna alama ya kidole gumba kwa wino mwekundu, kikubwa kuliko ukanda wenyewe, nusu yake imepita nje ya karatasi. Tulimwuliza ni cha nani. Akasema bibi alikataa kuchongewa muhuri, akasema anao.