Kichwa cha Jamaa: Urithi ao Bulozi?

Wahenga walisema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii tumeisikia tangu utoto, na hata darasani tumeitumia tukifundisha urithi. Lakini siku tuliyoisikia katika kikao cha jamaa yetu, ikitupwa kwa shangazi yetu mbele ya watu wote, tulielewa kwamba methali inaweza kufundisha, na inaweza pia kuvunja nyumba. Tungependa kueleza jambo hilo hapa, kwani vikao vya namna hiyo ni vingi katika jamaa zetu.

Sisi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi. Asili yetu ni Waluba wa upande wa Kamina. Kwetu, mtoto hapewi jina hivi hivi tu. Anapewa jina la mtu wa ukoo, aliye hai ao aliyekwisha kufa, na tangu siku hiyo hao wawili wanaitana majina. Watu watamchungulia mtoto: anatembea sawa vile majina yake, anakasirika sawa vile majina yake, hata sombe anaipenda sawa vile majina yake. Ni desturi nzuri, kwa sababu inafanya wakubwa wasisahauliwe. Basi, binti yetu alipozaliwa mwaka 2006, tulimpa jina la shangazi yetu, dada ya baba, ambaye kwa desturi ni baba mwanamuke na anaheshimiwa kama baba mwenyewe. Shangazi alikuwa akikaa nasi katika kiwanja kimoja. Alimlea huyo majina yake kwa mikono yake.

Mwaka 2018, mtoto akiwa na miaka 12, alirudi kutoka masomo mchana wa jua kali la mwezi wa kumi. Akasema: «Baba, kichwa inaniluma, upande moja tu. Mufunge dirisha, mwangaza inanichoma.» Akatapika, akalala gizani mpaka usiku, na kesho yake akaamka mzima. Baada ya majuma mawili ikarudi. Ikarudi tena. Tulifanya kama wazazi wengi wa hapa: kichwa ni malaria, basi tukanunua dawa ya malaria. Mara ya tatu damu ilipimwa na malaria haikuonekana. Tukamnywesha dawa ya malaria vilevile.

Ndipo baba mukubwa akaitisha kikao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: shangazi anaumwa kichwa tangu ujana wake, mtoto ana jina lake, sasa mtoto ameanza kuumwa. Basi ni shangazi anayemkula mtoto kwa njia ya jina. Mwengine akakumbusha kwamba kambo yetu, mama mzazi wa shangazi, naye alikuwa akijifungia ndani na kitambaa kichwani, na kwamba watu wa kijiji walimshuku. «Mutoto wa nyoka ni nyoka,» akasema. Hakuna aliyekumbuka kwamba baba yetu pia alikuwa mtoto wa kambo yule yule.

Shangazi alijibu maneno machache: «Haiko miye njo nilimupa ile bugonjwa. Miye pia balinipaka.» Kesho yake alikusanya vitu vyake, akaenda kukaa kwa mtoto wake Kipushi. Sisi tulikuwa na diploma ya ISP. Tulikuwa tumefundisha mbaazi za Mendel miaka zaidi ya 10. Tukanyamaza.

Miezi minne baadaye tulimpeleka mtoto kwa munganga mwengine. Huyu, kabla ya kuandika dawa yoyote, aliuliza: «Katika jamaa, nani mwengine anaumwa kichwa namna hii? Upande wa baba? Upande wa mama?» Tuliona haya. Lilikuwa karibu swali lile lile la baba mukubwa. Baba mukubwa alikuwa akitafuta mkosaji. Munganga alitaka kujua ugonjwa ulipita njia gani. Akatuambia jina lake: migreni, ambayo Kiswahili cha vitabu kinaita kipandauso.

Tuliporudi nyumbani tulichukua daftari, tukachora ukoo wetu kama tunavyowachorea wanafunzi: duara kwa mwanamke, kisanduku kwa mwanaume, na weusi ndani kwa kila mgonjwa. Tulizunguka tukiuliza, tukapiga simu Kamina na Likasi. Upande wa mama wa mtoto hatukupata mgonjwa. Upande wetu, katika watu 23 wa vizazi vinne, tulipata 7: wanawake 5 na wanaume 2. Kambo. Shangazi. Dada yetu. Binti ya baba mudogo. Binti yetu. Mtoto mwanaume wa kaka yetu. Na mtu wa saba alikuwa marehemu baba yetu, ambaye alikuwa akirudi kutoka kazi ya migodi, analala gizani bila kula, nasi watoto tunaambiwa: «Munyamaze, baba amechoka.»

Tukaangalia jina sasa. Katika wale 7, watu 5 hawana jina la shangazi. Na Likasi kuna binti mwenye jina hilo hilo ambaye kichwa hakijamluma hivyo hata siku moja. Basi ugonjwa haufuati jina. Tukafuata mistari kwa kidole: kutoka kwa kambo kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kuja kwetu, kutoka kwetu kwenda kwa binti. Mstari wa mtoto haupiti kwa shangazi hata kidogo. Unapita katika kisanduku chetu sisi, ambacho ni cheupe, kwani sisi hatukuwahi kuumwa.

Sayansi inasema nini? Wanaougua migreni duniani wanahesabiwa karibu miliadi moja, na baada ya kubalehe wanawake wanapatwa mara mbili hata mara tatu kuliko wanaume. Wataalamu waliolinganisha mapacha waliona kwamba urithi unachangia karibu nusu ya hatari ya kupatwa. Nusu ingine ni ya maisha na mazingira. Mwaka 1996 walipata jeni moja, katika kromosomu ya 19, inayoleta migreni ya namna adimu sana, ile inayolegeza upande mmoja wa mwili katika jamaa moja. Jeni zingine mbili za namna hiyo zikapatikana mwaka 2003 na 2005. Lakini migreni ya kawaida haiendi na jeni moja kama rangi ya maua ya Mendel. Mwaka 2022 utafiti mkubwa, wenye wagonjwa zaidi ya 100.000, wengi wao wenye asili ya Ulaya, ulionyesha sehemu 123 za urithi zinazohusika. Kila moja inaongeza kidogo tu. Kwa hiyo mzazi anaweza kubeba na kupitisha bila yeye mwenyewe kuumwa, na watoto wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Kwa wanafunzi tunaeleza hivi: urithi ni makala yaliyokwisha kupangwa ndani ya mbabula. Makala peke yake hayawaki. Moto unatoka pengine: kukosa usingizi, kushinda na njaa, jua kali na mwangaza, hangaiko la moyo, na kwa wanawake siku za mwezi. Binti yetu alikuwa akienda masomo asubuhi bila kula, na usiku akisoma mpaka saa sita juu ya mitihani. Tulipobadilisha hayo mawili, siku za kichwa zilipungua, ingawa hazikwisha. Munganga alimwonya pia: dawa ya maumivu inywewe mapema, wakati kichwa kinaanza, lakini isiwe ya kila siku, kwani vidonge vikizidi vyenyewe vinazaa maumivu mengine ya kichwa. Na kichwa kinachokuja na homa na shingo ngumu, ao kinachopiga ghafla kuliko vyote vya zamani, kisingojewe nyumbani hata kama jamaa ina migreni. Malaria nayo ipo. Ipimwe damu kwanza, ndipo dawa.

Tulikwenda Kipushi na daftari. Shangazi aliliangalia muda mrefu, tukimwonyesha kila mtu. Akaweka kidole kwenye kisanduku cheupe.

«Na huyu ni nani?»

«Ni miye, shangazi.»

«Iko mutupu.»

«Ndiyo, iko mutupu.»

«Mutupu, lakini njia ilipita mule mule.» Akafunga daftari, akaturudishia. «Ile siku ya kikao, wewe ulijua?»

Tulimjibu kwamba hatukujua yote, lakini tulijua ya kutosha kwa kusema neno. Hakusema tena kitu. Alipika bukari, tukala.

Tangu siku ile shangazi anakuja kwetu kwa sikukuu na kwa kilio, lakini kulala halali. Baba mukubwa tulimwonyesha daftari vilevile. Alisema vitabu ni vitabu. Hatuwezi kuandika hapa kwamba mambo yamekwisha.

Tunawaomba wasomaji wetu nini, basi? Tusitupe desturi ya kuuliza habari za ukoo. Wakubwa wetu, kabla ya ndoa, walituma watu kuuliza: katika ile jamaa kuna ugonjwa gani? Walikuwa wameona, bila darasa na bila darubini, kwamba magonjwa mengine yanatembea ndani ya damu. Hapo walisema kweli, na munganga wa leo anauliza vilevile. Tuandike basi habari hizo wakati wazee wangali hai, na tuwahesabu wanaume pia, kwani baba zetu wanaficha maumivu yao na hivi lawama yote inabaki kwa wanawake. Lakini jibu tulipatalo litusaidie kumtunza mgonjwa, lisiwe fimbo ya kumfukuza mama mzee. Anayepitisha urithi hakuuchagua, wala hakuutuma kwa mtu. Aliupokea kama alivyopokea pua na kimo chake.

Nasi walimu tunaofundisha urithi kila mwaka ubaoni, somo hilo tulipeleke pia katika vikao vya jamaa zetu, na tulitoe siku ile ile, mtu angali amekaa kwenye kiti chake, kabla hajafunga mizigo.