Upepo Tuliouona



Sisi wa Kindu tunaishi kati ya vitu viwili vinavyotulisha na vinavyoweza kutuangamiza: mto Lualaba, unaoitenga Alunguli na Kasuku na Mikelenge, na moto tunaosafishia mashamba kabla ya mvua. Vyote viwili hutii upepo.

Mwaka uliopita, kiangazi kikielekea mwisho, niliwasha moto shambani kwangu saa nane mchana. Nilikuwa na haraka. Sikufyeka mkanda wa kuzuia moto, sikuwaita majirani waje na matawi mabichi na ndoo za maji, wala sikungoja jioni upepo utulie. Punde moto uliruka mpaka, ukateketeza mihogo ya mjane jirani yangu. Nilipokwenda kumwomba msamaha, nikaanza kuulaumu upepo. Akanijibu kwa upole: «Mwanangu, upepo uliuona.» Mihogo nilimlipa; neno lile sijamaliza kulilipa.

Majuma machache baadaye, mvua za Septemba zilipoanza, nilisimama ukingoni Alunguli nikitaka kuvuka kwenda mkutanoni. Wingu jeusi lilikuwa limepanda nyuma yetu, na kijana mwenye mtumbwi alikuwa ameuvuta mchangani. «Baba, sivushi,» aliniambia. «Upepo ukigombana na mkondo, maji huingia pembeni. Watu huogopa, husimama, wakisimama, tumekwisha.» Nilikasirika. Mtumbwi mwingine ulikuwa ukijaza abiria, wala hapakuwa na hata mmoja aliyevaa jileti ya kuelea. Nilikwisha kuinua mguu niingie, ndipo nikamkumbuka yule mama. Nikabaki.

Ningependa kuwaambia kwamba mtumbwi ule ulizama, ili busara yangu ionekane. Haukuzama. Ulifika ng'ambo, watu wamelowa na watoto wanalia. Mimi nilinyeshewa ukingoni, na mkutano ukanipita. Nilimtazama kijana kana kwamba amenidanganya. Akasema: «Wamefika kwa bahati, baba. Mimi siwezi kupokea nauli ya watoto wa watu kwa bahati.»

Tangu siku ile nimejichunguza. Mara nyingi nimesema «Mungu atatulinda» pale nilipokuwa mvivu wa kufyeka au mwepesi wa kukasirika. Lakini Bwana wetu mwenyewe, aliposhawishiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kuogopa wingu si upungufu wa imani. Na ulinzi tunaouomba asubuhi huenda ukatujia adhuhuri katika sura ya kijana anayekataa fedha zetu.

Basi, ndugu yangu, kabla hujawasha kiberiti shambani, na kabla hujakanyaga mtumbwi, inua macho uutazame upepo. Kisha ujiulize: haraka yangu hii, ni nani atakayeilipa?